Mchezaji wa Katikati: Pasi Zake Tuzihesabu Namna Gani?



Labda wewe ni kijana wa Rubaya au wa Ngungu, na jioni ukitoka shimoni unanawa miguu, unakwenda nyumba ya video. Labda wewe ni mama wa Mubi au wa Njingala, na watoto wako hawana habari ingine mezani ila mpira. Wote munajua siku ya mechi kubwa inavyokuwa. Jenereta inalia nyuma ya nyumba, mabenchi yanajaa, na wale wasiolipa wanachungulia dirishani.

Wakati wa mapumziko maandiko yanapita chini ya picha. Ekipe fulani imeshika mpira sehemu fulani kwa mia. Kisha linatokea jina la mchezaji mmoja wa katikati, yule ambaye watangazaji wa Tanzania na Kenya wanamwita kiungo. Kando ya jina lake wameandika pasi alizopiga na zile zilizofika. Papo hapo kelele inaanza. “Munaona? Huyu ndiye anajua mupira!” Mwingine anajibu: “Hapana, anapiga nyuma tu!”

Sisi tuliokua zamani tulihesabu magoli, basi. Leo hesabu imekuwa nyingi, na imeanza kuamua mambo hata huku kwetu: nani atacheza na nani ataketi, tena feza ya nani itapotea katika pari. Kwa hiyo tuulize mambo matatu. Hesabu hizi zinatoka wapi? Zinasema nini? Na ni kitu gani hazikuona?

KOSA LANGU MWENYEWE

Nianze na kosa langu. Miaka michache iliyopita nilikuwa natunza ekipe ya vijana. Nilikuwa nimesikia kwa redio namna makocha wakubwa wanavyohesabu pasi, nikasema hata mimi nitafanya kazi ya kisasa. Nikanunua daftari.

Tulikuwa na vijana wawili wa katikati. Wa kwanza alikuwa mwepesi, anauita mpira kila wakati, watu wanampigia makofi. Wa pili alikuwa kijana wa kubeba magunia, mnyamavu. Yeye alisimama mbele ya mabeki, akipata mpira anautoa karibu, kwa mwenzake aliye wazi. Nilihesabu mechi tatu. Pasi za yule wa kwanza zilipita za mwenzake zaidi ya mara mbili. Nikafunga daftari, nikamketisha wa pili.

Mechi iliyofuata tulifungwa magoli manne mbele ya mapumziko. Golikipa wetu alikuja kwangu na hasira, mikono imejaa matope. “Pasta, umeondoa mutu aliyekuwa ananifungia mulango!” Sikuwa na jibu. Nilifungua daftari nikatazama. Ndani yake hapakuwa na safu hata moja ya kazi ile ya kufunga mlango.

Tangu siku ile nimejaribu kujifunza jambo hili vizuri, na ninakueleza niliyoyapata.

MTU MWENYE PENSELI

Hesabu za mpira hazikuanza na mashini. Tarehe 18 Machi 1950, katika mji wa Swindon huko Uingereza, mtu mmoja aliyeitwa Charles Reep alikuwa anatazama mechi ya Swindon Town na Bristol Rovers. Alikuwa mhasibu katika jeshi la anga. Alichoka kuona ekipe inashambulia na kushambulia bila faida. Nusu ya pili ilipoanza akatoa penseli na daftari, akaandika kila shambulio: lilianza wapi, lilikuwa na pasi ngapi, liliishia wapi.

Akaendelea hivyo miaka mingi, mechi kwa mechi. Mwaka 1968 yeye na mwenzake walichapa matokeo katika gazeti la wataalamu wa hesabu. Reep aliona kwamba magoli mengi, karibu 80 kwa 100, yanatoka katika mashambulio ya pasi tatu au chini ya tatu. Basi akasema: pasi nyingi ni kupoteza wakati, pigeni mpira mrefu mbele! Makocha wengi wa Uingereza walimfuata, na mchezaji wa katikati akabaki kutazama mpira ukimpita juu ya kichwa.

Lakini angalia kosa lililokuwa ndani. Katika daftari za Reep mwenyewe, mashambulio zaidi ya 90 kwa 100 yalikuwa mafupi ya namna hiyo, kwa kuwa katika mpira watu wanapoteza upesi. Ile sehemu ndogo ya mashambulio marefu, chini ya 10 kwa 100, ndiyo iliyoleta karibu magoli 20 kwa 100.

Wewe mchimbaji utaelewa upesi. Tuseme kuna mashimo 100 mlimani. Mashimo 90 ni ya upande wa chini, na yanatoa magunia 80. Mashimo 10 ni ya upande wa juu, na yanatoa magunia 20. Mtu akikuambia “magunia mengi yanatoka chini, basi chimba chini”, hakudanganya hesabu. Lakini shimo moja la chini halipati hata gunia moja, na shimo moja la juu linapata mawili. Wewe utachimba wapi?

Reep alihesabu vizuri. Alikosea kuuliza.

WANAHESABU NAMNA GANI LEO?

Mwaka 1996 kampuni inayoitwa Opta ilianza Uingereza, na leo hesabu nyingi unazoziona kwenye televizyo au kwenye simu zinatoka kwake au kwa kampuni za namna hiyo. Kwa mechi moja, watu wachache wanaketi mbele ya picha, mmoja anafuata ekipe hii, mwingine ile, na mwenzao anahakikisha. Kila mpira unapoguswa wanabonyeza: nani, wapi, kwa mguu au kwa kichwa, umefika au haukufika. Mechi moja inaweza kutoa alama karibu 2,000.

Na mashini nazo zimeingia. Katika Kombe la Dunia la 2022 huko Qatar, kamera 12 chini ya paa la uwanja zilifuata sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa kila sekunde. Zilikuwa za kusaidia waamuzi kuona ofusaidi, lakini mtu anayefuatwa hivyo hana pa kujificha.

Sasa neno hili “kushika mpira 65 kwa mia” maana yake nini? Wengi wanafikiri mtu ameketi na saa, anapima dakika. Kwa Opta sivyo. Wanachukua pasi za ekipe moja, wanazigawanya kwa pasi zote za mechi. Ekipe ikipiga pasi 600 na ingine 300, ya kwanza “imeshika mpira” 67 kwa mia hivi. FIFA nayo katika Qatar ilihesabu kwa njia yake, ikaongeza fungu la tatu: wakati ambapo mpira unagombaniwa, si wa huyu wala wa yule. Ndiyo sababu mechi moja inaweza kuwa na hesabu mbili tofauti, na hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alipima kwa kipimo chake.

Tena ona jambo hili: mabeki wawili wakipeana mpira mbele ya goli lao mara 40, bila adui kuwakaribia, wameongeza 40 katika hesabu.

HESABU INAPOSEMA KWELI, NA INAPONYAMAZA

Nisikufanye udharau hesabu. Mara nyingi inasema kweli kabisa. Tarehe 14 Juni 2012, katika Kombe la Ulaya, Uhispania ilicheza na Ireland. Xavi, mchezaji wao wa katikati, alijaribu pasi 136, na 127 zikafika. Mbele yake hakuna mtu aliyewahi kupiga nyingi hivyo katika mechi moja ya kombe hilo. Uhispania ilishinda 4-0, ikachukua kombe. Tarehe kama hiyo, mwaka 2024, Mjerumani Toni Kroos alijaribu pasi 102 juu ya Scotland, ikapotea moja tu! Ujerumani ilishinda 5-1. Ukiona hesabu za namna hiyo, jua umeona fundi.

Lakini Uhispania hiyohiyo inatufundisha upande wa pili. Tarehe 16 Juni 2010 huko Durban, Afrika ya Kusini, ilishika mpira sana juu ya Uswisi, ikafungwa 1-0. (Kisha ilijirekebisha, ikachukua Kombe la Dunia.) Mwaka 2018 ilipiga pasi zaidi ya 1,000 juu ya Urusi, mechi ikaisha 1-1, ikatoka kwa penalti. Tarehe 6 Desemba 2022 ilipiga tena zaidi ya 1,000 juu ya Moroko. Katika dakika 120 ni shuti moja tu lililoelekea golini! Moroko ikashinda kwa penalti 3-0. Siku zile Sofyan Amrabat wa Moroko alikuwa anasimama mbele ya mabeki wake kama nguzo ya nyumba.

Na siku chache mbele ya hiyo, tarehe 1 Desemba 2022, Japani iliifunga Uhispania 2-1 ikiwa imeshika mpira 17.7 tu kwa mia kwa hesabu ya Opta. Nusu ya pili ilikuwa imeanza tu, Ritsu Doan akasawazisha, na dakika tatu baadaye Ao Tanaka, mchezaji wa katikati, akafunga la ushindi.

Basi hesabu ya pasi inakuambia kwamba watu walifanya kazi. Haikuambii kazi ile ilifungua mlango gani, wala ilifunga upi.

MTOTO WA KINSHASA

Sasa turudi kwetu Kongo, kwa mtu ambaye jina lake linafaa kuandikwa kubwa katika habari hii.

Claude Makélélé alizaliwa Kinshasa tarehe 18 Februari 1973. Alikuwa na miaka minne hivi jamaa yake ilipohamia Ufaransa. Akakua, akachezea Nantes, Marseille na Celta Vigo, na mwaka 2000 akaingia Real Madrid. Pale palikuwa na nyota: Zidane, Figo, Raúl, baadaye Ronaldo wa Brazili. Wale walipanda mbele. Makélélé alibaki nyuma yao. Mpira ukipotea, yeye ndiye aliyekuwa amekwisha kusimama mahali adui alipotaka kupita. Akiupata, aliutoa karibu, kwa mguu wa Zidane, basi. Katika miaka mitatu Real ilipata ubingwa wa Uhispania mara mbili, 2001 na 2003, na kombe la klabu bingwa Ulaya mwaka 2002.

Lakini mshahara wake ulikuwa chini sana ya ule wa nyota aliowalinda. Mwaka 2003 akaomba waongeze. Wakakataa, akaenda Chelsea ya Uingereza. Mkubwa wa klabu, Florentino Pérez, alisema mbele ya watu kwamba hawatamkosa: pasi zake nyingi ni za nyuma au za pembeni, na ni nadra kupiga pasi inayopita metre tatu. Zidane alihuzunika. Alifananisha jambo hilo na mtu anayepaka gari lake rangi ya zahabu tena, na huku anang'oa injini.

Ukitazama daftari tu, Pérez alikuwa na haki. Pasi zilikuwa fupi kweli. Na magoli? Makélélé alichezea Ufaransa mechi 71, na magoli yake ni 0. Sifuri!

Tazama kilichofuata. Real Madrid ilikaa mpaka 2007 ndipo ikashika tena ubingwa wa Uhispania. Chelsea, pamoja na Makélélé, ilikuwa bingwa wa Uingereza mwaka 2005 na 2006. Ufaransa ilipopata shida ya kufuzu Kombe la Dunia la 2006, Zidane, Thuram na Makélélé, waliokuwa wameacha ekipe ya taifa, walirudi, na Ufaransa ikafika mpaka fainali ya Berlin. Leo makocha wa dunia yote wanaita kazi ile kwa jina lake: mahali pa Makélélé. Mtoto wa Kinshasa asiyekuwa na goli hata moja amekuwa jina la kazi.

KILO NA KILICHO NDANI

Ninyi wa machimbo hamuhitaji maelezo marefu. Mtu akileta gunia la koltani kwa mnunuzi, mizani inasema kilo. Lakini mnunuzi hatoi feza kwa kilo tu. Anapima madini safi ni kiasi gani ndani ya mchanga ule, kisha ndipo anataja bei. Gunia zito laweza kuwa mchanga mtupu. Idadi ya pasi ni kilo. Tunapaswa kuuliza ndani kuna nini.

Tena munakumbuka tikiti zilizoanza kufungwa kwenye magunia ya Rubaya tangu 2014, ili ijulikane udongo umetoka wapi. Ilikuwa jambo zuri. Lakini kila mtu anajua kwamba tikiti ni kitu kimoja, na udongo ulio ndani ni kitu kingine. Anayesoma tikiti bila kufungua gunia amesoma karatasi.

Na ninyi wa Walikale munakumbuka miaka ile ya Bisie, wakati kasiterite ilibebwa mgongoni kutoka mlimani, kwa njia ya porini yenye matope, mpaka Njingala. Kisha ndege ndogo zilitua juu ya barabara pale Kilambo na kuipeleka Goma. Watu waliona ndege. Karatasi za Goma ziliandika kilo. Safu ya mgongo wa mbebaji haikuwamo. Makélélé, na yule kijana wangu wa magunia, walikuwa watu wa safu hiyo.

KITABU KIKIKOSA JINA

Kuna hatari ingine: kuandika kazi ya mtu kwa jina la mwingine. Wazee wetu wanamkumbuka Ndaye Mulamba. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1974 huko Misri alifunga magoli 9, na mpaka kombe lililochezwa Moroko kuanzia Desemba 2025 hakuna aliyemfikia katika kombe moja. Katika fainali mbili na Zambia, ya kwanza 2-2 na ya kurudia 2-0, magoli yote manne ya Zaire yalikuwa yake. Vitabu vyote vinaandika 9. Wale waliompa mipira, chini ya kapiteni Kidumu Mantantu, pasi zao hazikuandikwa popote.

Miezi michache baadaye, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani ya Magharibi, Zaire ilifungwa na Yugoslavia 9-0. Katika mechi ile mchezaji mmoja wa Zaire alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi aligeuka, akamfukuza Ndaye. Lakini aliyepiga teke ni Mwepu Ilunga! Mpaka leo kadi ile imeandikwa kwa jina la Ndaye.

Na haikuishia hapo. Mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kwa ajili ya Ndaye, sababu habari ilikuwa imefika kwamba amekufa katika ajali ya mgodi wa almasi huko Angola. Alikuwa mzima. Alikufa mwaka 2019, Johannesburg. Sisi ambao kila mwaka tunasikia majina ya watu walioangukiwa na udongo, na mara ingine jina si lenyewe, tunajua uchungu wa orodha iliyoandikwa haraka.

Kuna pia mambo makubwa ambayo hakuna mashini itakayoyaandika. Mwaka 2024, huko Côte d'Ivoire, ekipe yetu ya taifa, Léopards, ilifika nusu fainali. Ilitoka sare mechi tatu za kwanza, na Zambia, na Moroko, na Tanzania. Ikatoka sare tena na Misri na kushinda kwa penalti 8-7, golikipa Lionel Mpasi mwenyewe akipiga ya mwisho. Kisha ikaifunga Guinea 3-1. Tarehe 7 Februari, mbele ya mechi na wenyeji, wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani kama bastola. Walikuwa wanasema juu yetu, watu wa mashariki, tunaokufa na dunia inanyamaza. Tulifungwa 1-0, goli la Haller. Hesabu ya mechi ile ipo, pasi kwa pasi. Lakini uliza watu waliokuwa wamekimbia makao yao siku zile wanakumbuka nini. Hawatakutajia pasi.

NENO JUU YA PARI

Sasa nikuambie wazi, kijana. Najua wengi munachukua hesabu hizi na kuzipeleka kwenye pari. “Ekipe hii inashika mupira 70 kwa mia, haiwezi kupoteza.” Umesoma hapo juu habari ya Japani. Aliyeweka feza juu ya Uhispania siku ile alikuwa na hesabu zote nzuri mkononi.

Tena fahamu namna biashara ile inavyokwenda. Kampuni za hesabu zinauza hesabu zao kwa wenye pari. Wao wanazipata mbele yako, dakika kwa dakika, na wamekwisha kuziweka ndani ya bei. Ekipe yenye nguvu inalipa kidogo, dhaifu inalipa sana, na katika kila bei wamejiwekea faida yao. Unafikiri umegundua siri, kumbe ndiyo bizaa waliyokwisha kuinunua.

Nimeona minerval ya mtoto ikiishia pale. Nimeona kijana aliyetoka shimoni posho nzima, feza ikaisha siku moja, kisha akarudi shimoni na deni. Tazama mpira, furahi, hesabu pasi ukitaka. Feza ya unga uipeleke nyumbani.

HESABUNI NINYI WENYEWE

Je, tuache kuhesabu? Hapana. Mimi sikuacha. Nilibadilisha daftari. Hata ninyi, vijana na mabinti, munaweza kufanya hivi kwa ekipe yenu. Inataka daftari, kalamu na macho.

1. Chagua mchezaji mmoja tu. Anayefuata wawili hafuati hata mmoja.

2. Weka safu nne. Ya kwanza, pasi ya mbele iliyofika. Ya pili, pasi ya nyuma au ya pembeni iliyofika. Ya tatu, mpira aliopoteza. Ya nne, mpira alionyang'anya au pasi ya adui aliyoikata. Safu hii ya nne ndiyo niliyoikosa mimi.

3. Chora uwanja na uugawanye mara tatu: karibu na goli letu, katikati, karibu na goli lao. Mpira uliopotea mbele ya goli letu ni hatari kuliko ule uliopotea mbali.

4. Andika dakika alizocheza. Mtu wa dakika 30 usimlinganishe na wa dakika 90.

5. Andika na hali ya uwanja. Viwanja vyetu vya Masisi vina mteremko, nusu moja munacheza mukipanda. Mvua ikinyesha mpira unakwama matopeni. Pasi 20 katika matope zaweza kupita pasi 50 kwenye majani makavu.

6. Wawe wahesabu wawili kwa mchezaji mmoja, na wasitazamiane. Mwishoni mulinganishe. Mukitofautiana sana, musigombane. Ulizaneni: sisi tunaita nini pasi? Mukubaliane mbele ya mechi ingine.

7. Kisha uliza wanaocheza naye, zaidi golikipa na mabeki. “Huyu akitoka, ninyi munaona nini?” Jibu lao liandikwe pia.

Na usihukumu mtu kwa mechi moja. Chukua tano au sita. Mtu anaweza kuwa amelala na njaa, au ametoka kubeba mzigo usiku.

Yule kijana wangu nilikwenda kwao jioni ile ile ya magoli manne. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nikamwambia nimekosa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Pasta, mimi nilizani unaona.” Neno lile liliniuma kuliko hasira ya golikipa. Juma lililofuata alirudi mahali pake, mbele ya mabeki, na daftari yangu ilikuwa na safu nne.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa na katika kikundi cha vijana

1. Katika ekipe yenu, ni nani anafanya kazi ambayo hakuna anayeihesabu? Na nyumbani kwenu?

2. Kama ungekuwa mkubwa wa Real Madrid mwaka 2003, ungejibu nini Makélélé alipoomba mshahara? Ungetazama nini mbele ya kujibu?

3. Je, kuna mtu uliyemhukumu kwa hesabu moja tu? Utamwambia nini juma hili?